Deputi na Laini ya Pili

Deputi hakununua kitu bila kukifanyia mtihani wa mdomo. Nilimwona pale Ruiru akimhoji muuza magodoro mpaka yule bwana akajilaza mwenyewe juu ya godoro kuonyesha kwamba halibonyei, na Deputi akamwambia, "Wewe ni mwembamba. Hilo si jaribio." Akinunua avokado aliuliza zitaiva lini, na akijibiwa kesho kutwa, alimtaka mama wa soko aeleze amejuaje. Muuzaji akianza kusifu bidhaa badala ya kumjibu, kidole kilipanda juu. "Hilo ni tangazo. Jibu swali."

Nilikuwa mpangaji wake kwa miaka mingi, katika ploti ya nyumba chache upande wa Mwiki. Yeye na familia yake walikaa nyumba ya mbele, sisi wapangaji tulikaa nyuma, na kamba za nguo zilikuwa katikati kama mpaka wa nchi mbili. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwenye mtandao. Wanafunzi wangu ni watu wazima wa mbali wanaotaka kuoa huku, kuhubiri huku au kupanda mlima. Riziki yangu yote, basi, ilipita kwenye waya ulioingilia sebuleni kwa Deputi, na ndiyo sababu namfahamu kuliko ninavyomfahamu mjomba wangu.

Jina lake la kitambulisho nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa naibu wa mkuu wa shule moja ya upili kule Thika mpaka akastaafu, na hakuwahi kuwa kitu kingine. Wakuu walikuja, wakapandishwa vyeo, wakahamishwa, mmoja akaingia siasa. Yeye alibaki na filimbi yake na funguo za stoo. Mkuu akisafiri, shule ni yake. Mkuu akirudi, shule imerudi kwa mwenyewe.

"Ile shule nimeiendesha kuliko wakuu wote ukiwajumlisha," aliniambia siku moja tukingoja maji ya kaunti. "Ila siku ya kupiga picha walikuwa wanarudi."

Katika enzi zake alijulikana kwa jambo moja zaidi ya yote: kunyang'anya simu. Alikuwa na pua ya simu. Aliziokota ndani ya mikate, ndani ya kamusi zilizotobolewa katikati, mara moja ndani ya chungu cha uji. Wanafunzi wake wa zamani, ambao leo wana vitambi na mikopo ya magari, wakikutana naye Thika bado huirudisha simu mfukoni kabla ya kumsalimia. Naye anajua, na anafurahi.

Lakini Deputi mstaafu niliyemfahamu mimi alikula chakula akiwa ameiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Alitazama wanasiasa wakitukanana kuanzia chai mpaka chakula cha jioni, na kila alfajiri aliwatumia walimu wenzake wastaafu picha ya ua lililoandikwa neno la kutia moyo. Nilipomuuliza kama angejinyang'anya simu mwenyewe enzi zile, alinitazama kwa huruma. "Mimi natafiti," akasema.

Faiba, ule waya wa intaneti, ilipofika mtaani, alikuwa wa kwanza kuunganishwa. Ruta ya kwanza, kile kisanduku cha kugawa mtandao, aliletewa na watu wa kampuni pamoja na waya, nayo ilifanya kazi vizuri ila pale mtu alipochimba. Na Ruiru watu huchimba. Anachimba wa maji, anachimba wa bomba la choo, anachimba wa msingi wa ghorofa na anachimba wa barabara. Kila jembe likishuka, waya mmoja unakufa, na mtaa mzima unatoka nje kuulizana, "Na kwako pia?"

Aliyeumia zaidi alikuwa Njoki, bintiye. Njoki alisomea uuguzi, akamaliza vizuri, akangoja kuajiriwa mpaka akachoka kungoja. Akapata kazi ya kupokea simu za duka moja la viatu la ng'ambo, akiwa hapo hapo chumbani kwake, akiwatuliza watu waliotumiwa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Faiba ikikatika, mteja anakatika akiwa bado na hasira, na hasira hiyo inamfuata Njoki kwa wakubwa wake.

Nilikuwa nimeenda kuuliza kuhusu maji siku aliposema, mbele ya chai, "Baba, nikikatika tena wananitoa. Wameniambia."

Deputi akaweka kikombe chini. "Shida hasa ni nini? Eleza."

"Waya ukikatwa, basi. Hakuna kitu kingine cha kushika."

"Yaani hakuna deputi."

Tulidhani anatania, tukacheka kidogo. Hakuwa anatania. Kesho yake alivaa koti na kwenda kutafuta ruta.

Alitafuta kwa zaidi ya mwezi. Duka la kwanza lilikuwa Ruiru, karibu na soko. Kijana wa duka alimtolea ruta nyeusi iliyosimamisha antena kila upande kama buibui aliyeanguka chali.

"Hii ni moto, guka. Antena sita!"

"Mimi si babu yako. Antena sita zinafanya nini?"

"Zinavuta netiwaki."

"Kila moja inavuta yake, ama zinasaidiana?"

Kijana akazitazama zile antena kana kwamba zingemnong'oneza. "Aah, ni pawa tu, mzee."

"Hilo ni tangazo."

Binamu wa Deputi, anayekaa Kalimoni, alimletea nyingine iliyotumika, yenye taa za rangi zilizokimbizana. Deputi aliirudisha akisema hajafungua kilabu. Kila jioni alitusimulia, kwenye kamba za nguo, ujinga wa muuzaji wa siku hiyo, na nikaanza kushuku kwamba hatafuti ruta tena. Alikuwa amerudi darasani, na darasa lilikuwa limefeli, na hakuna kitu kilichompa raha kama hicho.

Siku ya Thika aliniomba nimsindikize. "Wakibanwa wanakimbilia Kiingereza," alisema. "Wewe utakuwa shahidi wa lugha."

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu, na mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. Deputi hakusalimia kwa urefu.

"Faiba ikikatwa, ruta hii inafanya nini?"

"Inahamia laini ya simu. Hapa ubavuni unaweka kadi, kama ile ya simu yako."

"Inahama yenyewe, ama mpaka mtu aiambie?"

"Yenyewe."

"Nani ameiona ikihama?"

Yule mama alinitazama. Mimi nikatazama dari. Basi akaiunganisha ruta, akafungulia kwaya kwenye kompyuta ya duka, na wanakwaya walipokuwa wamekolea akachomoa waya. Kwaya ikasimama vinywa wazi. Kisha ikaendelea na pambio kama haikuguswa.

"Rudisha waya," Deputi akasema. Ukarudishwa. "Sasa imerudi kwa faiba?"

"Imerudi."

"Na ile laini ya pili?"

"Iko hapo tu. Inangoja."

"Hata mwaka mzima?"

"Hata mwaka, mradi uwe umeiwekea bando."

Aligusa kifuniko cha ruta kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto wa mwenzake. Halafu akakumbuka kuwa ni mtihani. "Na watu wengi wakiitumia pamoja?"

"Unawapanga. Unaiambia nani apite kwanza na nani angoje. Mtu wa kazi anatangulia, mtu wa sinema anafuata. Na ukitaka, unamwekea mtu kikomo."

"Kikomo," akarudia Deputi. "Anayeweka ni nani?"

"Mwenye paswadi."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Nilimwona mtu akirudishiwa shule yake. Lakini bado hakulipa. Aliuliza kuhusu joto, kuhusu panya, kuhusu umeme ukirudi kwa kishindo, na akaomba waya uchomolewe tena. Yule mama akaivaa miwani yake amtazame vizuri.

"Mzee, unanunua ama unanioa?"

"Ningekuwa nakuoa," Deputi akasema, "ningeuliza machache." Akanunua.

Nyumbani ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kitambaa. Katika sebule ya Mama Njoki hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi. Viti vilivaa, redio ilivaa, hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia. Deputi alipotoka nje kidogo, alirudi akaikuta ruta imefunikwa kitambaa cha kusuka cha waridi mpaka miguuni.

"Mama Njoki! Hii kitu inapumua!"

"Hata wewe unapumua, Baba Njoki, na umevaa. Hiyo luta itaingia vumbi."

Wakakubaliana kitambaa kikae chini yake, na kidogo kiruhusiwe kuning'inia mbele. Juu ya paa Deputi alimpandisha fundi akafunga antena ya ile laini ya pili kwenye mlingoti, kwa sababu nyumba ni ya mawe na ndani simu hazishiki vizuri. Mtandao wetu akaubatiza NIDHAMU KWANZA. Wa wageni akauita WAGENI MSIKAE SANA. Paswadi ilibadilika kila shule zilipofunguliwa, ingawa katika ploti nzima hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Kisha akaitisha mkutano, Jumapili baada ya kanisa, barazani kwake. Alisimama. Sisi tulikaa.

"Kumbukeni foleni ya chakula shuleni," alianza. "Mlango ni mmoja. Wote wakijisukuma pamoja, hakuna anayekula. Kwa hivyo kuna utaratibu. Daraja la Kwanza litakuwa la shughuli za kitaifa."

Tukamwuliza shughuli za kitaifa ni zipi. Baada ya maswali kadhaa ilibainika kwamba ni yeye.

Daraja la Pili lilikuwa kazi ya Njoki. La Tatu lilikuwa Mama Njoki na kikundi chake cha maombi, na wapangaji wenye tabia njema. La Nne lilikuwa la wageni. Jirani yangu wa ukutani, mpenzi wa kandanda, alipewa kikomo kikali kiasi kwamba alisikia goli likishangiliwa mtaani wakati kwenye skrini yake mchezaji bado anafunga kamba za viatu.

"Na mimi, Mwalimu?" nikauliza.

"Daraja la Nne."

"Mimi ni mgeni? Nimekaa hapa miaka hii yote?"

"Wewe si mgeni. Wanafunzi wako ndio wageni."

Njoki akainua mkono, kwa mazoea ya kuzaliwa nyumba ile. "Baba, si hii kitu ilinunuliwa juu ya kazi yangu?"

"Ndiyo. Na aliyeinunua ni nani?"

"Wewe."

"Tuendelee."

Kuhusu laini ya pili alitangaza kwamba ni ndogo, ni ya dharura, na ikishika zamu Daraja la Kwanza lingepita lote, wengine wagawane kinachobaki. Kwa Njoki kilichobaki kilitosha, maana simu za viatu ni sauti tu, na sauti hula kidogo. Sisi wengine tulijifunza kufua nguo wakati huo.

Ili tusisahau, alifanya mazoezi. Ungekuwa katikati ya kazi, mchana kweupe, unasikia filimbi, "Mazoezi! Mazoezi!" naye amekwisha kuchomoa waya wa faiba na kusimama karibu na ruta akihesabu kimoyomoyo. Ikihama haraka, alitembea ploti nzima akiwa ameridhika. Mwanafunzi wangu mmoja, mhubiri mtarajiwa, aliniuliza ile sauti kali ni ya nini, na ndivyo alivyojifunza neno filimbi kabla ya neno neema.

Mtu akiishia hapo atadhani alikuwa dikteta mdogo wa ploti, na hatakuwa amekosea sana. Ila mama yangu alipolazwa hospitalini Thika, mimi na ndugu zangu tuliotawanyika tulikuwa tukikutana kwa video kila mchana kujadiliana na daktari. Kwa kipindi hicho chote picha haikutetereka hata kidogo. Niliona ni bahati. Njoki ndiye aliyenishika mkono kwenye kamba za nguo. "Baba alikuweka juu. Juu yake mwenyewe. Usiseme nimekuambia." Nilikwenda kumshukuru. Akasema, "Ruta ndiyo hupanga," kisha akaniuliza kama taulo zilizoanikwa kwenye waya wa antena ni zangu.

Zilikuwa zangu.

Sasa nieleze siku ya uchaguzi.

Walimu wastaafu waliowahi kufundisha Thika walikuwa na kikundi cha kusaidiana, na mwenyekiti wao alikuwa ameomba kupumzika. Deputi akatangaza kugombea. Kwa muda mfupi sana alikuwa mtu mwingine. Alinyoa vizuri. Alitusalimia kabla ya kukosoa. Aliniita nimsahihishie hotuba, na hotuba ilikuwa nzuri, isipokuwa iliitaja ruta mara nyingi mno. Aliamini kikundi kinaangamia kwa kukosa utaratibu wa nani azungumze lini. Kwa kuwa wengi walikuwa wamehamia mashambani na magoti hayawaruhusu safari, mkutano ungefanyika kwa video, asubuhi ya siku ya kazi.

Asubuhi hiyo hiyo Njoki alikuwa na usaili. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imesoma vyeti vyake na kumtaka azungumze na jopo, kwa video vilevile. Ilikuwa hatua ya mwisho. Mama Njoki alikuwa amefunga tangu jana yake, na katika nyumba ile hakuna aliyefikiria kwamba saa hizo mbili zinagongana, kwa sababu faiba ilitosha watu wote na wengine.

Nilikuwa sebuleni, nimekaa mahali ambapo kamera hainioni, nikifuatilia hotuba yake kwenye karatasi. Deputi alikuwa amevaa suti na tai, na chini ya meza malapa. Skrini yake ilijaa vichwa vya walimu wazee, mmoja akionyesha paji la uso tu, mwingine dari ya nyumba yake. Alikuwa kwenye hoja ya pili wakati nje, upande wa barabara, trekta la kuchimba mtaro lilipotoa mngurumo wa kukwama na watu wakapiga kelele. Taa ya faiba kwenye ruta ikawa nyekundu. Ile ya pembeni, ambayo hulala siku zote, ikawaka.

Deputi aliiona. Uso ulimng'aa kama wa bwana harusi.

"Ndugu zangu, mmeona? Sasa hivi waya umekatwa hapa kwetu. Umekatwa! Na bado mnanisikia. Huo ndio uongozi ninaoahidi."

Paji la uso likatikisika kwa kukubali. Mlango wa chumba ukafunguka, Njoki akatoka, kompyuta mikononi kama trei.

"Baba. Wamekwama. Niko katikati ya swali."

Deputi akamwinulia kiganja, ngoja kidogo, macho yakiwa kwenye skrini. "Hoja ya tatu..."

"Baba, wameniuliza swali na sijui kama wamesikia jibu."

Hakupaza sauti. Alisimama tu, amevaa sare yake ya uuguzi ambayo alikuwa ameipiga pasi ingawa hakuna aliyemtaka aivae. Mama Njoki alikuwa ametokea jikoni, mkono mdomoni.

Deputi alimtazama binti yake, akaitazama ruta, akanigeukia mimi. Kamera ilikuwa bado inamwona.

"Hazitoshi zote mbili?" akaninong'oneza.

"Mtakwama wote wawili, Mwalimu."

Alijua. Yeye ndiye aliyetufundisha. Akawarudia wazee wenzake na kusema, "Naomba dakika..." na kwa mkono mwingine alikuwa tayari ameichukua simu, anafungua ukurasa wa ruta, anaandika paswadi kwa kidole kimoja. Nilimwona akilishusha jina lake. Ilibidi alishushe mara mbili, kwa sababu ruta ilimuuliza kama ana uhakika.

Picha yake mwenyewe kwenye skrini ikaganda, kinywa wazi, kidole juu.

"Rudi ndani," akamwambia Njoki. "Jibu swali."

Mlango ukafungwa. Mara tukaisikia sauti yake kupitia ubao, Kiingereza cha taratibu, akiomba radhi, kisha akieleza jinsi ya kumhudumia mgonjwa anayeshindwa kupumua. Mama Njoki alikaa chini palepale sakafuni.

Nilimpa Deputi simu yangu ajaribu kurudi mkutanoni. Lakini mtaa wote ulikuwa umehamia kwenye simu dakika hiyo, na ndani ya kuta zile za mawe simu yangu ilizunguka tu. Aliipeleka dirishani. Aliipeleka barazani, kisha kwenye kamba za nguo, akaiinua juu ya kichwa, mzee wa suti na malapa kati ya mashuka yaliyoanikwa. Ilipokubali, alinikodolea macho nisogee tusikie pamoja.

"...kwa hivyo tumekubaliana," sauti moja ilikuwa ikisema. "Na huyu rafiki yetu wa Ruiru aliyekatika?"

"Deputi?" mwingine akajibu. "Tumpe unaibu. Huyo amezoea."

Wakacheka, kicheko cha wazee wanaopendana. Kisha mtu akaona amerudi. "Haiya, si huyu hapa! Hongera, naibu mwenyekiti!"

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama shuka. Nilimsikia akisafisha koo.

"Nimepokea," akasema. "Kura ni halali. Nina pendekezo kuhusu utaratibu wa kuzungumza, lakini linaweza kungoja."

Alinirudishia simu, akaifuta kwanza kwa tai. Akaingia ndani akavua malapa mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatembea kwa soksi mpaka mlango wa Njoki na kuweka sikio. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alipotugeukia, aliinua kidole, na mimi nikangoja kukosolewa.

"Anajibu," akasema.

Njoki alipata kazi. Ploti nzima ilimsindikiza hadi barabara kuu, na jirani yangu wa kandanda alibeba sanduku kubwa, na siku hiyo hiyo kikomo chake kikaondolewa bila tangazo. Deputi hakulia. Alimkagua Njoki pasipoti, tiketi, chanjo, akamuuliza ndege ikichelewa atafanya nini, na ile inayofuata ikichelewa je, mpaka Mama Njoki akamvuta koti.

Mimi nilihama mwaka uliofuata, nikapata nyumba Theta, mahali pa upepo na mbwa wengi, na nikanunua ruta yangu mwenyewe kwa yule mama wa Thika. Aliniuliza kama yule mzee bado yuko hai. Nikamwambia yuko. "Mungu amtunze," akasema, "lakini amtunze huko huko."

Nilirudi kumwona Jumapili moja ya juzijuzi. Nilikuta milango wazi na mtandao wa wageni hauna paswadi. Wapangaji wengi wa sasa wanatumia simu zao. Hawakujua hata kwamba kuna madaraja. Deputi amepungua. Suruali imemzidi kiuno na sauti imeshuka, ingawa aliniuliza ruta niliyonunua ina kasi gani, na niliposema sana, kidole kikapanda, nikakatisha tangazo na kujibu swali.

Tulikuwa kwenye chai Njoki alipopiga simu. Mama Njoki alisimamisha simu kwenye meza, wakasogeza viti pamoja, nami nikaitwa niingie kwenye picha. Njoki alikuwa amenenepa mashavu. Alitutembeza jikoni kwake, akatuonyesha jiko, friji, dirisha.

"Na hapo kwako," akauliza Deputi, "unatumia ruta gani?"

"Ruta?" Njoki akageuka huku na huku. "Sijui, Baba. Niliikuta kwa nyumba. Iko nyuma ya kabati mahali."

"Hujui?"

"Sijawahi kuiona."

"Njoki! Unaishi na kitu ambacho hujakiuliza swali hata moja?"

Njoki akaangua kicheko, kichwa nyuma, meno yote nje, mkono kifuani. Na hapo picha ikasimama. Sauti ikapotea. Ruta ilikuwa kimya, taa zote sawa. Kosa labda lilikuwa kwake huko, nyuma ya kabati. Tulingoja. Chai ikaacha kufuka moshi.

Mama Njoki akanyoosha mkono akate, apige upya.

"Wacha kwanza," Deputi akasema. "Amekwama akicheka."

Mkono wa Mama Njoki ukarudi mapajani.